Dada alipewa rufaa ya Moshi, Baba akadhani ni ya mahakamani

Kinu kilinifikia kabla ya nyumba.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mashamba ya tangawizi, na mimi nilikuwa napanda njia ya kwetu bila kuona hata migomba ya jirani. Nilichokuwa nacho ni sauti tu. Tu. Kimya. Tu. Kimya kirefu zaidi. Tu.

Kwetu mahindi ya makande yanatwangwa na wawili. Mama anashusha mchi wake, dada anainua wake, na ukiwa mbali unasikia kama moyo wa mtu mwenye afya. Asubuhi ile nilisikia mchi mmoja, tena wa mtu anayetumia mkono mmoja.

Nikajua mambo mawili kabla sijafika uani. Dada Naelijwa anatwanga kwa mkono wa upande ambao haukufanyiwa upasuaji. Na Mama hayupo.

Wakuu, poleni na mihangaiko ya huko mliko. Wanaonifahamu humu wanajua kazi yangu ni kutunga riwaya, kwa hiyo najua mtaanza kunishuku mapema. Safari hii sijatunga. Dada amesoma uzi huu kabla sijauweka, akaniambia, "Weka. Ila usinipambe." Basi sijampamba.

Kwetu ni milimani, wilaya ya Same, Upare wa kusini. Mama yeye ametokea Kihurio, kule chini kwenye mpunga. Baba ni wa hapahapa juu, yeye na baba yake na babu yake.

Sasa, nyie mnatutania Wapare kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Nimeshachoka kukataa. Baba yangu amewahi kumfikisha jirani baraza la kata kwa sababu ya mfereji wa maji, akashindwa, akaenda mbele, akashinda, na mpaka leo maji yenyewe hayatumii. Anasema alitaka haki, hakutaka maji.

Shikeni hilo, litarudi.

Dada aliugua saratani ya titi akiwa bado kijana, ana binti mdogo anayesoma darasa la kwanza. Akafanyiwa upasuaji, akapewa zile dawa za kudungwa mpaka nywele zikamtoka zote, akapona kwa namna wanayosema madaktari: anafuatiliwa. Siku moja alipokwenda kliniki Same, daktari akamuuliza kama kuna mwingine kwenye familia aliyewahi kuugua ugonjwa huo.

Dada akajibu, "Mama mkubwa. Alifariki nikiwa sekondari."

Daktari akaandika. Akamweleza kwamba kwa umri wake, na kwa kuwa kuna ndugu mwingine aliyeugua, anampa rufaa ya Moshi, kwenye kitengo kinachopima kama saratani inatembea kwenye damu ya familia. Akaongeza kwamba ingekuwa vizuri ndugu wa upande wa mama waanze kuarifiwa.

Daktari hakuwa na nia mbaya, wakuu, na wala sikumlaumu. Alisikia "mama mkubwa" akaelewa kama ambavyo nusu ya Watanzania wangeelewa.

Dada akarudi nyumbani na maneno hayo mdomoni: daktari amesema ni upande wa mama.

Baba akayapokea kama hukumu.

Kwa muda mrefu ukoo wa Baba ulikuwa unajiuliza kimyakimya ugonjwa huu umetoka wapi, maana kwa msemo wao "sisi hatuna hayo." Sasa walikuwa na jibu. Mashangazi wa ukoo, binamu za Baba, wakaja mmoja mmoja kumpa Dada pole, na kila mmoja akaondoka akiwa ameacha neno kwa Mama. Baba ndiye aliyeacha kubwa kuliko yote. Dada alinisimulia.

"Kihurio kuna maji yaliyosimama na mbu," Baba alisema wakiwa mezani. "Nani anajua watu wa kule wanarithishana nini."

Mama akaendelea kupakua. "Mbu harithishwi, Baba Nae."

"Daktari amesema upande wako."

"Nimesikia."

"Basi ungetuambia mapema. Tungejua."

Mama akageukia sufuria. Alimaliza kupakua, akahakikisha kila mtu amekula, akaosha vyombo. Kesho yake asubuhi akaaga kwamba anashuka Kihurio kumsaidia mdogo wake kuvuna. Hakukuwa na mavuno wakati ule. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Ndipo Dada akanipigia simu Dar. "Mbazi, njoo unisindikize Moshi. Na mama yako karudi kwao."

Kwa hiyo ule mchi mmoja, wakuu, ndiyo hadithi yenyewe.

Nilipofika uani Dada aliacha kutwanga, akajifuta jasho kwa kilemba. "Umekonda. Dar hawali?"

"Wewe nani kakuruhusu kutwanga?"

"Nani wa kunikataza? Wa kunikataza yuko Kihurio."

Baba alikuwa kibarazani na redio yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nimekuja kwa ajili gani. Nikamwambia namsindikiza Dada kwenye rufaa.

Akazima redio.

"Rufaa? Nani kakata rufaa?"

"Hakuna aliyekata, Baba. Amepewa. Ya hospitali."

"Rufaa ni rufaa," akasema. "Kesi imekwisha huku chini, sasa wanaipeleka juu. Si ndiyo?" Akanyanyuka. "Mtu aliyeshinda hakosi siku ya rufaa. Nitakuja."

Niliangalia kama anatania. Alikuwa ameshaingia ndani kutafuta koti lake jeusi, lile la baraza la kata.

Hapa Kiswahili chetu kilitucheka mara ya kwanza. Neno moja, milango miwili. Mgonjwa akipewa rufaa maana yake kuna mahali panapoweza kumwona vizuri zaidi. Baba alisikia kwamba kuna mtu anataka kumpokonya ushindi.

Tukashuka. Niseme wazi, nilikasirika njia nzima. Ndani ya basi nilikaa nyuma ya Baba nikitazama kola ya lile koti na nikawa natunga kichwani maneno makali ambayo sikuyasema. Dada alilala, au alijifanya.

Moshi tulipokelewa na mama wa makamo, mshauri wa kile kitengo. Chumba kilikuwa kidogo, chenye viti vya kututosha na dirisha linalotazama mti wa jakaranda. Alimwamkia Baba shikamoo kwa adabu kabisa, halafu akachukua karatasi nyeupe.

"Leo sitamdunga mtu mapema," akasema. "Kwanza mnisimulie familia yenu. Mwanamke nitamchora duara, mwanaume nitamchora mraba. Aliyeugua nitampaka rangi. Na niwaambie kabisa, hapa hatutafuti mkosaji. Tunatafuta nani wa kumwangalia mapema."

Baba akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejiandaa kutoa ushahidi.

Akamchora Dada katikati, akampaka rangi. Akanichora mimi, mraba. Akachora wazazi. Halafu akasoma alichoandika daktari wa Same.

"Mama mkubwa. Huyu ni dada wa mama yenu, tumbo moja?"

Dada akashangaa. "Hapana. Ni mke wa baba mkubwa."

"Baba mkubwa yupi?"

"Kaka yake Baba."

Mshauri akaweka kalamu chini. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyeona mtoto amevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia na hataki kumwaibisha.

"Yeye alikuwa anatoka ukoo wenu? Au wa mama yenu?"

"Alitoka Usambaani," Dada akasema. "Aliolewa tu kwetu."

"Basi huyu mama yenu mlimpenda, na poleni kwa msiba wake. Lakini damu yake haimo humu." Akagonga karatasi kidogo. "Kiswahili chetu kina upendo mwingi. Kila mtu mama, kila mtu kaka. Mtaani kinatulea. Chumbani humu kinatuponza."

Dada aliziba mdomo. "Na mimi nilidhani daktari ameona upande wa mama kwenye vipimo."

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameketi wima kabisa, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo upande wa mama yao hauna kitu?" akauliza.

"Sijui bado, mzee wangu. Mpaka sasa hakuna aliyetajwa upande huo. Tuje upande wako. Una dada?"

"Nilikuwa naye. Nakundwa. Aliolewa Shighatini, kule Ugweno. Amefariki."

"Pole sana. Aliugua nini?"

"Kifua."

Mimi na Dada tulilijua hilo tangu utotoni. Shangazi Nakundwa alikufa kwa kifua. Baba ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu siku ya mazishi, na iliandikwa hivyohivyo: ameugua kifua kwa muda mrefu. Tuliambiwa tusilale madirisha wazi.

Mshauri aliandika, kisha akasita. Sauti yake ilikuwa laini sana.

"Alikuwa anakohoa?"

Baba akatazama dirishani.

"Mzee wangu?"

"Hakukohoa," Baba akasema. "Hata siku moja."

Mshauri akapiga mstari juu ya neno kifua.

"Basi ugonjwa ulikuwa sehemu gani?" mshauri akauliza.

Baba akamtazama Dada, akatazama chini. Wanaojua malezi ya kwetu wataelewa. Baba hatamki neno lile mbele ya binti yake. Hawezi. Ni kama kuvua nguo njiani. Ndiyo maana miaka yote neno lilikuwa kifua, na kila aliyelisikia akafikiri mapafu.

Mshauri naye alielewa. "Binti atupishe kidogo?"

Dada hakusimama. "Sitoki, Baba. Langu wameshalikata. Sasa unanificha nini?"

Baba aliinua mkono wake wa kulia taratibu na kuuweka juu ya koti lake jeusi, upande wa kushoto, akauacha pale. Mshauri akachora duara na kulipaka rangi.

"Na mama," Baba akasema, mkono bado upo pale. "Mama yangu pia. Walisema ni jipu. Lilimla."

Duara jingine. Rangi nyingine.

Hapo lazima niwaeleze jambo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Dada anaitwa Naelijwa kwa sababu Bibi aliitwa Naelijwa, na Baba hajawahi kumwita kwa jina, humwita "mama." Nilitazama ile karatasi, duara la juu na duara la katikati, yote yana rangi, na kati yao mraba mmoja mtupu uliounganisha mistari. Baba alimpa binti yake jina la mama yake. Huenda alimpa na zaidi ya jina.

"Lakini mimi ni mwanaume," Baba akasema, kama amesoma mawazo yangu. "Mimi siumwi."

Mshauri akamweleza, na nawaelezea na nyie maana hata mimi sikujua. Hitilafu ya vinasaba, yaani kasoro kwenye maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, haipiti kwa mama peke yake. Baba anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua, na kila mtoto wake ana uwezekano nusu kwa nusu wa kuirithi. Kuirithi si kuugua. Ni kwamba hatari imepanda, na mtu huyo anatakiwa kuangaliwa mapema na mara kwa mara. Hata mwanaume akiwa nayo ana vitu vyake vya kuangaliwa, ikiwemo tezi dume.

Wakachukua damu ya Dada kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeugua. Kipimo kikapelekwa mbali. Tulisubiri hadi mvua za vuli zikaanza na kukatika. Majibu yakarudi: anayo.

Sasa swali likabaki moja, na wote mlijua linakuja. Imetoka kwa nani?

Mshauri alituambia wazazi si lazima wapime, ni hiari yao, ila ikijulikana upande, ndugu wa upande huo wanaweza kusaidiwa na wa upande mwingine wakalala usingizi. Mama mdogo, yule mdogo wake Mama wa tumbo moja kule Kihurio, alikuwa hajalala vizuri tangu aambiwe ni wao.

Nilidhani Baba atakataa. Ningekuwa naitunga, angekataa. Yeye akasema, "Damu ndiyo shahidi. Iitwe."

Siku ya kutoa damu Mama alipanda kutoka Kihurio na mjomba. Walikaa benchi moja, sisi tukakaa jingine na Baba. Mama alinisalimu, akamkagua Dada mkono kama umevimba, akamuuliza nani kamruhusu kutwanga. Na Baba wakasalimiana kwa heshima, kama watu waliokutana kwenye msiba wa mtu wa mbali.

Majibu yalipotoka Mama alikuwa ameshuka tena Kihurio, tukaitwa sisi: Mama hana. Baba anayo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru mshauri. Tulipotoka nje alisimama chini ya ile jakaranda, akakunja lile koti jeusi na kulibeba mkononi.

Nilimsubiri aanze. Aseme mashine imekosea, adai kipimo kingine, atafute pa kwenda mbele. Huyu ni mtu aliyepigania maji asiyoyatumia.

"Kihurio gari linapatikana saa hizi?" akauliza.

Tulimkuta Mama uani kwa mjomba anapepeta mchele kwenye ungo. Mjomba na mama mdogo walikuwepo. Baba hakukaa kwenye kiti alicholetewa.

"Nimekuja kushindwa," akasema.

Mama aliendelea kupepeta. Pumba zikaruka, mchele ukarudi.

Mjomba, ambaye naye ana ulimi, akasema, "Shemeji, hukati rufaa?"

"Rufaa imeshasikilizwa."

Mama akatua ungo chini. "Kesi ilikuwa yako peke yako, Baba Nae. Mimi nilikuwa navuna."

"Mpunga upi? Mashamba yote yana maji."

"Ndio huohuo."

Mama mdogo akaangua kicheko, akajaribu kukimeza, akashindwa. Kisha Dada akacheka. Baba hakucheka, lakini alikaa kwenye kile kiti. Mama hakurudi siku ile. Alirudi alipotaka yeye, baada ya juma moja na zaidi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mbona alichelewa.

Tangu arudi kinu kina michi miwili. Anamwachia Dada mchi mwepesi.

Mimi nami nimepewa rufaa, wakuu. Nimekubali. Siku yangu bado haijafika na sitawadanganya kwamba siogopi. Usiku naligusa titi langu la kushoto na kujiona mjinga. Lakini naogopa kama mtu anayejua anaogopa nini, na hilo ni afadhali kuliko kufunga madirisha kwa sababu ya kifua ambacho hakikuwa kifua.

Nilichojifunza ni kidogo, na huenda wengi mnakijua. Ukiulizwa hospitali nani aliugua kwenu, usiseme "mama mkubwa" ukanyamaza. Sema ni dada wa mama, au mke wa baba mkubwa. Sema kaka wa tumbo moja au mtoto wa baba mdogo. Uliza na upande wa baba, hata kama wote waliougua ni wanawake. Na ugonjwa uutaje kwa jina lake, hata kwenye wasifu wa marehemu, maana heshima yetu kwa wafu inaweza kuwagharimu walio hai.

Walio na uzoefu wa hizi kliniki za magonjwa ya kurithi tusaidiane hapa chini. Mlimwambiaje mzee wenu? Na mtoto wa Dada, yeye mshauri kasema asubiri mpaka awe mtu mzima aamue mwenyewe. Nyie mlilibebaje hilo la kusubiri? Wa matusi piteni salama.

Namalizia na kilichotokea leo asubuhi, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Shangazi Nakundwa ameacha mabinti, wako Shighatini, wameolewa, wana watoto. Hakuna aliyewaambia. Dada alijitolea kuwapigia simu. Mimi nikasema naweza kuwaandikia meseji ndefu nzuri. Baba akakataa vyote.

"Mimi ndiye niliyesimama juu ya kaburi lake nikasema kifua," akasema. "Nitakwenda kulisema lenyewe palepale."

Kwa hiyo leo ameamka mapema. Koti jeusi ameliacha msumarini, amevaa sweta. Mama amemfungia chakula cha njiani na tangawizi za kuwapelekea. Nilikuwa kibarazani na simu yangu, mlango uko wazi, nawasikia.

"Utawaambia nini?" Mama akauliza.

"Nitawaambia mama yao aliugua kifua cha…"

"Baba Nae."

Nilisikia Baba akikaza kamba za kiatu.

"Aliugua titi," Baba akasema. Polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni. "Mama yenu aliugua titi. Na mama yangu pia. Na mimi ninayo hiyo damu. Nendeni mkapime."

"Hivyohivyo," Mama akasema. "Usiongeze kitu."

Dada alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, mchi mkononi, ameacha kutwanga ili asikie. Baba alipotoka alimwona. Hakuinamisha uso.

"Nimekwenda, mama," akamwambia.

Akashuka ngazi, na Mama akaufunga mlango nyuma yake.